Fedha ya Maji na Watu wa Suneka: Historia Fupi kwa Wanachama

Katika kijitabu cha taarifa ya mwaka, hesabu ya mapato na matumizi huwekwa kurasa za mwisho, na wasomaji wengi huzipita upesi. Safari hii twawaomba ndugu wanachama watulie kidogo juu ya hesabu nyingine, iliyo kubwa kuliko ya chama chetu. Nayo ni hesabu ya fedha ya umma iliyotoka mifukoni mwa watu wetu kwa zaidi ya miaka mia moja, na ya maji yaliyowarudia kwa fedha hiyo.

Suneka iko kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, chini ya mji wa Kisii kwa upande wa kusini-magharibi. Nchi ya Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na kila bonde lina kijito chake. Mgeni akiona hivyo huuliza: watu wa mahali kama hapa wana shida gani ya maji? Jibu si gumu. Maji mengi si lazima yawe maji safi. Tena chemchemi iko bondeni na nyumba ziko mgongoni mwa kilima, na maji hayapandi yenyewe. Hupandishwa na kichwa cha mama na binti, au na mashine. Lakini maji machafu hayahitaji mashine. Hushuka bure, na yakishuka kutoka mjini hufika kwetu. Jambo hilo, kwamba maji safi hupanda kwa gharama na maji machafu hushuka bila gharama, ndiyo historia yote tunayotaka kuieleza. Fedha ya umma imekuwa ikikimbilia lile la kwanza na kulisahau la pili.

Kabla ya kodi yo yote kutozwa, wazee wetu walikuwa na njia yao ya kugharimia mambo ya wote. Kazi iliyozidi nguvu za nyumba moja ilifanywa kwa risaga, majirani wakiitana kufanya kazi pamoja, au kwa egesangio, kundi dogo la watu wanaosaidiana kwa zamu. Hapakuwa na senti wala stakabadhi, lakini kila mmoja alijua nani amekuja na nani hakuja. Hiyo nayo ilikuwa fedha ya umma, ijapokuwa ililipwa kwa jasho, na hesabu yake ilikuwa wazi kwa sababu ilifanyika machoni pa watu.

Utawala wa Kiingereza ulipoingia Gusii kwa nguvu, katika misafara ya kijeshi ya mwaka 1905 na 1908, kodi ya nyumba ilifuata nyuma yake, na kuanzia mwaka 1910 sheria ikaongeza kodi ya kichwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kodi katika Kenya ilipandishwa hadi shilingi 16, na mwaka 1922, baada ya watu wa Nyanza kulalamika kwa sauti kubwa, ikapunguzwa hadi shilingi 12. Fedha hiyo ilikwenda katika Hazina ya Nairobi, mahali ambapo mlipaji hakuwa na mjumbe wala sauti.

Mwaka 1923 katika jimbo letu la Nyanza, miongoni mwa Waluo na Waluhya, kilipatikana Chama cha Hali Njema cha Walipa Kodi wa Kavirondo, kikisaidiwa na Archdeacon W. E. Owen wa misheni ya Kianglikana. Hakikuwa chama cha Wagusii, lakini twapaswa kukikumbuka kwa jina lake, maana lilibeba mambo mawili kwa pamoja: kulipa kodi, na hali njema. Mtu alipaye kodi ana haki ya kuuliza hali yake imekuwa njema kwa kadiri gani. Chama hicho kiliwahimiza wanachama wake kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wako waliokicheka, wakisema kwamba siasa imegeuzwa kuwa vyoo. Sisi hatukicheki. Kilifanya mambo mawili yapasayo kwenda pamoja: kilidai kwa Serikali kilicho cha Serikali, na kilichimba kwa mikono yake kilicho cha mwenye nyumba.

Mwaka 1924 sheria iliruhusu kuundwa kwa mabaraza ya wenyeji katika wilaya. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza watu wa mashambani walipata sanduku lao wenyewe, maana baraza liliweza kutoza ushuru wake juu ya ile kodi ya Serikali, na kuutumia kwa shule, zahanati, barabara na maji ya wilaya. Ni kweli mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya, na makadirio hayakuweza kutumika bila kibali cha Serikali. Hata hivyo mjumbe aliweza kuuliza kuhusu daraja fulani au kisima fulani, na kujibiwa mbele ya watu waliomtuma. Mwaka 1950 mabaraza hayo yalipewa sheria mpya, yakawa mabaraza ya wilaya ya Waafrika, yenye madaraka mapana zaidi.

Wakati huo huo fedha nyingine ilianza kuja kutoka ng'ambo. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maendeleo ya makoloni mwaka 1929, nyingine mwaka 1940, na ile ya mwaka 1945 iliyotenga pauni milioni 120 kwa miaka kumi kwa makoloni yote. Katika Kenya mpango mkubwa wa kuendeleza ardhi ya Waafrika, uliojulikana kwa kifupi kama ALDEV, ulianza mwaka 1946. Sehemu kubwa ya kazi yake ya maji, yaani malambo na visima virefu, ilikuwa katika nchi kavu kama Ukambani. Miji nayo ilijengewa mabomba makubwa. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima hadi Mombasa lilimalizika mwaka 1957. Hatuwaonei wivu waliokuwa na kiu. Twasema tu kwamba nchi yenye mvua haikuwa ya kwanza kufikiriwa na wagawaji wa fedha za maji.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, mabaraza ya wilaya yaligeuka kuwa mabaraza ya kaunti, na letu likawa Baraza la Kaunti ya Gusii. Tegemeo lake kubwa lilikuwa kodi ya mtu iliyopangwa kwa kadiri ya mapato yake. Lakini mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha kazi za mabaraza ya kaunti. Kuanzia mwaka 1970 shule za msingi, afya na barabara zikachukuliwa na Serikali Kuu, pamoja na ile kodi. Baraza likabaki na jina, na ushuru wa soko. Sanduku lililokuwa karibu likaenda mbali tena.

Pengo hilo lilijazwa na harambee. Watu wa Gusii walichanga kwa ajili ya shule, zahanati na maji kwa moyo ambao hakuna awezaye kuukana. Serikali nayo, ikisaidiwa na Sweden tangu mwaka 1970, ilianza mpango wa maji mashambani. Mwaka 1974 ikaunda wizara ya maji, na nia ikatangazwa kwamba ifikapo mwaka 2000 kila nyumba iwe na maji safi karibu nayo. Mwaka 2000 ulifika na kupita, na nia hiyo haikutimia.

Kwa nini haikutimia? Wengine watasema ni wizi, na wizi haukukosekana katika nchi hii. Lakini hata mahali ambapo hapakuibwa shilingi moja, mashine ya kuvuta maji ilinyamaza. Sababu ni kwamba fedha ya kujenga na fedha ya kutunza si fedha moja. Ya kujenga huja mara moja, na siku ya ufunguzi hupigwa ngoma na picha. Ya kutunza hutakiwa kila mwezi: dizeli, dawa ya kutibu maji, mshahara wa fundi, mpira wa koki. Hakuna mgeni wa heshima ajaye kupigwa picha akinunua mpira wa koki. Harambee ilikuwa hodari kwa mambo ya siku moja, na maji ni jambo la kila siku.

Kazi iliyodumu zaidi katika nchi yetu ni ile iliyokuwa nyepesi kwa gharama: kuhifadhi chemchemi. Chimbuko huchimbwa hadi mahali maji yatokapo, hupangwa mawe na kokoto, hufunikwa kwa udongo mzito usiopitisha maji ya juu, kisha hujengwa ukuta mdogo wenye bomba la kutolea maji. Upande wa juu huchimbwa mfereji wa kukinga maji ya mvua, na kuwekwa ua wa kuzuia mifugo. Hapana mashine, hapana dizeli. Gharama ya kutunza ni jembe la kuzibua mfereji, na watu wa kulishika. Basi risaga ya wazee yatosha hapo. Lakini yataka pia nidhamu. Choo cha shimo chafaa kiwe mbali na chemchemi kwa mita 30 au zaidi, nacho kisiwe upande wake wa juu. Na mashamba yanapokatwa vipande vidogo vidogo kwa urithi, nafasi hiyo huwa taabu kupatikana. Kadhalika mikaratusi iliyopandwa kwa wingi kwenye chemichemi kwa sababu hukua upesi na kuuzika, imeonekana kunywa maji kuliko watu. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza iondolewe kando ya vyanzo vya maji. Basi si kila hasara yetu ilitoka Nairobi. Nyingine tuliipanda wenyewe.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilibadili mpango mzima. Kabla yake, mara nyingi ada iliyolipwa kwa maji iliingia katika hazina ya jumla, ikalipia mambo mengine, na bomba likavuja. Sheria hiyo ilizitenga kazi: bodi za kujenga, kampuni za kuuza maji, na halmashauri ya kusimamia bei na ubora. Pamoja nayo ilikuja kanuni iliyo bora kuliko zote kwa maoni yetu: fedha ya maji irudi katika maji. Mji wa Kisii na jirani zake walihudumiwa na Kampuni ya Maji na Usafi ya Gusii, yenye mtambo wa kutibu maji huko Kegati. Ujerumani, kwa njia ya benki yake ya maendeleo ya KfW, ikagharimia miradi ya maji na maji taka ya Kisii, Nyamira, Kericho na Litein, chini ya bodi ya maji ya Lake Victoria South.

Hapa ndipo Suneka inapoingia kwa namna ya pekee. Mtambo wa kusafisha maji taka ya mji wa Kisii haukujengwa mjini, uko Suneka. Jambo hilo si la kulaumiwa kwa lenyewe, maana maji taka hufuata mteremko, na aliye chini hana budi kuyapokea. Nyakomisaro, kijito kipitacho mjini, nacho hupeleka maji yake katika mto Riana, na Riana huingia Gucha, hata Ziwa Victoria. Lakini twapaswa kujua tumepokea nini, na nani alipie.

Ulimwengu umeliona jambo hili kabla yetu. Mwaka 1858 joto la kiangazi liliufanya mto Thames unuke hata wajumbe wa Bunge la Uingereza, ambalo liko kando ya mto huo, wakashindwa kukaa vikaoni. Miaka mingi watu maskini wa London walikuwa wamekufa kwa kipindupindu na fedha haikupatikana. Harufu ilipofika puani mwa watunga sheria, fedha ilipatikana kwa majuma machache. Halmashauri ya kazi za mji iliruhusiwa kukopa pauni milioni 3, na deni likalipwa kwa kodi ya majumba ya London. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini, kazi ambayo husifiwa hata leo. Lakini mifereji hiyo haikusafisha kitu. Iliyahamisha maji taka hadi Barking na Crossness, mashariki ya mji, na kuyamwaga huko mtoni. Mwaka 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice ilizama karibu na mahali hapo, watu zaidi ya 600 wakafa, na waliookoka wakasimulia uchafu wa maji waliyoogelea. Baada ya hapo ndipo London ilipoanza kutenga tope na maji kabla ya kuyamwaga. Basi fedha ya kwanza iliondoa harufu kwa wakubwa. Fedha ya pili, iliyochelewa karibu miaka 30, ndiyo iliyowafikiria watu wa chini ya mto. Kila mwenyeji wa Suneka anaweza kuisoma historia hiyo bila mkalimani.

Mitambo kama hii aghalabu hufanya kazi kwa mabwawa. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, uchafu mzito hutua na kuozeshwa na vijidudu visivyohitaji hewa. Katika yafuatayo, yenye kina kifupi, jua na mimea midogo ya majini huyasafisha maji zaidi. Hutumia mwanga wa jua, ambao hautozwi ada. Lakini tope hujaa chini, na baada ya miaka kadhaa hapana budi liondolewe, kwa magari na wafanyakazi na mahali pa kulitupa. Tope lisipoondolewa, bwawa hugeuka njia tu ya kupitia, na kiingiacho ndicho kitokacho. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zilitaka maji yatokayo katika mtambo yasizidi miligramu 30 katika lita moja kwa kipimo kile kionyeshacho kiasi cha hewa ambacho uchafu hula majini. Ni kipimo kiwezacho kuchukuliwa, kuandikwa na kusomwa. Na kuondoa tope ni gharama ya kutunza, si ya kujenga. Ni ile fedha ambayo tangu zamani haipigiwi picha.

Katiba ya mwaka 2010 ilitupa nguvu ambayo baba zetu wa mwaka 1922 hawakuwa nayo. Kifungu cha 43 chataja maji safi ya kutosha na usafi wa kiasi kinachofaa kuwa haki ya kila mtu. Kifungu cha 42 chataja mazingira safi, na kifungu cha 70 humruhusu mtu kwenda mahakamani kuyatetea. Huduma za maji na usafi zimewekwa mikononi mwa kaunti. Kaunti zote kwa jumla zapaswa kugawiwa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya Serikali ya Taifa. Zaweza kutoza kodi ya majumba na ardhi. Lakini haziwezi kukopa bila dhamana ya Serikali ya Taifa na idhini ya bunge la kaunti. Sheria ya fedha ya mwaka 2012 yataka asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa uchache, iende katika maendeleo. Na kifungu cha 201 chataka mambo ya fedha yawe wazi, na wananchi washiriki.

Pamoja na faida hiyo tulipoteza kitu. Suneka ilikuwa na Baraza la Mji lake, dogo na lenye mapato machache. Mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza, mabaraza yote ya namna hiyo yalikoma. Sanduku sasa ni kubwa zaidi, nalo liko Kisii mjini, yaani juu ya kilima, mahali maji machafu yanapoanzia safari yake. Hatusemi kwamba walioko huko wana nia mbaya. Twasema kwamba mtu husikia kwanza harufu iliyo karibu naye, na kwa hiyo yapasa sisi tuliyo chini tusingoje kusikiwa puani, tusikiwe vikaoni.

Kwa hiyo twawaletea wanachama mashauri matatu.

Kwanza, bajeti ya kaunti inaposomwa kwa wananchi, tuhudhurie, na tuulize swali moja kabla ya mengine yote: katika fedha za maji na usafi, kiasi gani ni cha kujenga, na kiasi gani ni cha kutunza? Jibu likiwa kwamba fungu la kutunza halimo, tujue kwamba mradi huo umeanza kufa kabla ya kuzaliwa.

Pili, tuombe vipimo vya maji yatokayo katika mtambo wa maji taka, pamoja na vile vya mto Riana juu na chini ya mahali hapo, vibandikwe mahali pa wazi katika soko la Suneka. Tusilaumu bila kipimo, wala tusinyamazishwe bila kipimo. Tena tuombe kwamba sehemu ya ada ya maji taka inayolipwa na watumiaji wa mjini itengwe kwa kazi ya kuondoa tope na kuhifadhi chemchemi za watu walio chini ya mtambo. Huo hautakuwa msaada kwa Suneka. Ni malipo ya kazi ambayo Suneka huifanyia Kisii kila siku.

Tatu, tuweke nyumba yetu katika hali njema. Kila chemchemi iwe na kamati, na kamati iwe na daftari, na daftari lisomwe mbele ya wote. Wako wasemao kwamba maji ni ya Mungu, hayalipiwi. Maji ni ya Mungu kweli, lakini bomba ni la watu, na huvuja. Asiye na uwezo afikiriwe kwa bei nafuu au kwa kazi ya mikono. Mwenye uwezo asijifiche nyuma yake.

Wazee wa risaga walijua nani amekuja na nani hakuja. Kodi ilipokwenda Nairobi tulipoteza ujuzi huo, na kila mara sanduku liliposogea mbali tuliupoteza zaidi. Sheria za leo zaturuhusu kuupata tena, lakini haziwezi kuhudhuria mkutano kwa niaba yetu. Mkutano wa bajeti ukitangazwa, twawaomba wanachama wa Suneka waje wengi, na waje na daftari.